Kodi ya Mapato kwa Mwenye Kazi Mbili

Watu wengi wenye kazi mbili hudhani kwamba kodi ikiisha kushughulikiwa na kila tajiri, deni limekwisha. Sivyo. Hapa Kenya mapato yote ya mtu hujumlishwa kwa mwaka mzima.

Natutazame mfano kwa viwango vya mwaka 2024. Karani apata dukani Shs. 24,000 za kutozwa kodi kila mwezi. Jioni afundisha shule, apata Shs. 24,000 nyingine. Kila tajiri ahesabu asilimia 10, yaani Shs. 2,400, kisha aondoa nafuu ya Shs. 2,400, hakati kitu. Lakini nafuu hiyo ni moja tu kwa kila mtu. Tena, pato lizidilo Shs. 24,000 hutozwa asilimia 25, na lizidilo Shs. 32,333 hutozwa asilimia 30. Basi karani huyo adaiwa Shs. 81,400 kwa mwaka.

Kwa hiyo, mwarifu tajiri wa pili asikupe nafuu tena, na uweke akiba kila mwezi. Mwaka ukiisha, chukua fomu ya P9 kwa kila tajiri, lipa salio kabla ya Aprili kwisha, na upeleke hesabu yako kwa Mamlaka ya Ushuru kabla ya Juni kwisha.