SOMO LA ROBO HII: Safari ya Kipupwe na Fundisho la Mti wa Msizi



Miezi ya Juni hadi Agosti hufaa kwa safari za siku moja. Masika yamekwisha, barabara za milimani zinapitika, na mwezi Juni watoto wako likizo. Hata hivyo, baadhi ya kamati za sharika huuliza: je, safari hizi si kupoteza sadaka? Tujibu kwa kutazama mahali pamoja, Amani, wilayani Muheza.

Mahali penyewe
Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo. Walipanda miti na mimea kutoka sehemu nyingi za dunia ili kujua ipi itastawi na kuleta faida. Mingi ya miti hiyo ipo hadi leo. Msitu wa asili ulio jirani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na katika milima hii unaanzia Mto Zigi, unaowapatia maji wakazi wa Jiji la Tanga.

Fundisho
Mwombeni mwongoza wageni awaonyeshe msizi. Mti huu si wa Usambara. Kwao ni Bukoba na Uganda. Uliletwa kwa nia njema, kwa kuwa hukua haraka na hutoa mbao. Lakini hondohondo walikula matunda yake wakasambaza mbegu, na pale msitu ulipokatwa mbao, msizi ukaota kwenye mapengo. Leo umeenea hata mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda.

Nilipoelezwa habari hiyo niliona aibu. Miaka ya nyuma niliidhinisha mikaratusi ipandwe karibu na chemchemi ya kijiji kimoja. Ilikua upesi, na picha zake zilipendeza katika ripoti. Baadaye akina mama walinieleza kwamba maji yamepungua, nao walikuwa wameonya tangu mwanzo. Tulikuwa tumehesabu miche, hatukuwauliza wachota maji.

Mwanzo 2:15 inatukumbusha kwamba mwanadamu alipewa bustani ailime na pia aitunze. Sisi wa miradi hupenda kulima, tukasahau kutunza. Kamati iliyosimama chini ya msizi haitasahau upesi. Hiyo ndiyo faida ya nauli.

Maandalizi
1. Ulizeni mapema ofisi ya hifadhi kuhusu viingilio na mwongozaji, kabla ya kukusanya michango.
2. Amani kuna ukungu na manyunyu. Kila mtoto awe na sweta na viatu visivyoteleza. Asiye navyo aazimwe, asiachwe nyumbani.
3. Ondokeni alfajiri ili mshuke mlima kabla ya giza.
4. Chukueni chakula, na mrudi na taka zenu.
5. Wapeni nafasi wazee. Wao wanakumbuka mito ilivyokuwa.

Maswali ya kujadili
1. Katika usharika wetu, ni mradi gani ulioletwa kwa nia njema ukazaa tatizo?
2. Ni nani alionya na hakusikilizwa?
3. Kabla ya kuomba au kutoa fedha za mradi mpya, tutajuaje utakavyokuwa baada ya miaka 50?

Wafadhili wetu nao tunawaomba wayajadili maswali haya pamoja nasi.

Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi