Somo: Namna ya Kuchagua Darubini ya Kutazama Sayari



Sisi wa darasa la sita tumeanza kuchanga feza juu ya kununua darubini moja ya masomo. Baada ya mtihani wa Serikali tutaondoka, nayo itabaki kwa wadogo zetu. Feza ni kidogo, tena hakuna ya pili. Basi tujue kuchagua mbele ya kutoa hata franka moja.

1. Upana wa kioo. Kwenye makartoni fulani wameandika «mara 525». Musifuate hesabu ile. Kazi ya darubini ni kukusanya mwanga, na mwanga unaingia kwa kioo cha mbele. Zidisha upana wake wa milimita kwa 2: kioo cha milimita 60 kinakuza muzuri mpaka mara 120 tu. Ukipita pale, sayari inakuwa kubwa lakini iko sawa kitu ndani ya moshi. Galileo, mwaka 1610, aliona miezi 4 ya Jupita kwa bomba la kukuza mara 20 hivi.

2. Hesabu ya kukuza. Fokali ni umbali toka kioo mpaka pale mwanga unakutana. Gawanya fokali ya darubini kwa fokali ya kioo kidogo cha jicho: 700 kwa 10 ni mara 70. Hiyo inatosha kuona pete za Zohali.

3. Miguu. Gusa bomba kidogo. Kama linatetemeka na halitulii upesi, uache, hata kioo kiwe kizuri namna gani.

4. Lensi ao kioo cha kujitazama? Newton, mwaka 1668, alitengeneza darubini ya kioo cha shaba na bati. Naye Herschel, kwa kioo cha namna ile, alivumbua Uranus mwaka 1781. Ndiyo, shaba, sawa hii ya kwetu! Leo ni kioo chenye ngozi nyembamba ya aluminiyumu. Cha milimita 114 kinakusanya mwanga zaidi ya mara 3 kuliko lensi ya 60. Lakini bomba lake liko wazi mbele, na mavumbi ya migodi ya Mashamba tunayajua. Kwa masomo yenye mikono mingi, sisi tunaona lensi ya milimita 70 inafaa.

5. Kiwiko. Kolwezi iko karibu digrii 11 kusini ya Ekweta, kwa hiyo sayari zinapita juu ya kichwa mara nyingi. Bila kipande cha kukunja mwanga, utalala chini juu ya kuchungulia.

Angalisho: usielekeze darubini kwa jua hata kidogo. Jicho litakufa mara moja.

Zoezi: darubini iko na upana wa milimita 70 na fokali ya 900, kioo cha jicho ni 25. Inakuza mara ngapi? Na isipite mara ngapi? Mulete majibu kwetu mbele ya kuleta muchango.