Gitaa Kavu: Mkono wa Kulia Ndio Uchague Umbo

Ukiingia duka la ala za muziki Dar es Salaam au Nairobi ukaomba gitaa kavu, galatoni kama wengine wanavyoliita, mara nyingi utakabidhiwa lile kubwa lenye mabega mapana na kiuno kisichobanwa sana. Muuzaji atacharaza nyuzi zote sita, duka litajaa mvumo, nawe utatoka ukiamini kwamba gitaa zuri ni lenye sauti kubwa. Mimi sikubaliani na ununuzi wa namna hiyo. Ulichosikia ni mkono wa muuzaji na kuta za duka lake. Kabla ya kuuliza bei, na kabla ya kuuliza gitaa limetengenezwa kwa mti gani, jiulize mkono wako wa kulia unafanya kazi gani: unacharaza au unadonoa? Kama wewe ni wa shoto, jiulize hivyo hivyo kuhusu mkono wa kushoto.

Umbo hilo la mabega mapana linaitwa dredinoti. Jina limetoka kwenye manowari ya Uingereza, HMS Dreadnought, iliyoshushwa majini mwaka 1906. Kampuni ya C. F. Martin ya Nazareth, Pennsylvania, ilitengeneza magitaa ya kwanza ya umbo hilo mwaka 1916 yakauzwa na kampuni ya Oliver Ditson, kisha kuanzia 1931 ikayauza kwa jina lake yenyewe. Sehemu yake ya chini, nitakayoiita tumbo, ina upana wa karibu sentimita 40, na kina chake kinapita sentimita 12. Ukubwa huo ulikuwa na sababu. Mpiga gitaa wa wakati ule alikaa kando ya banjo na fidla, mara nyingi bila kipaza sauti, na kama kasha lake halikuwa kubwa hakuna aliyemsikia. Mwaka 1937 kampuni ya Gibson ikaenda mbali zaidi ikatoa jumbo, gitaa la Ray Whitley, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe, lenye tumbo la sentimita 43 hivi na kiuno kilichobanwa.

Magitaa madogo yalikuwepo kabla ya hayo yote. Martin walikuwa wakiyataja kwa sifuri: sifuri moja, sifuri mbili, na mwaka 1902 sifuri tatu, lenye tumbo la sentimita 38, ambalo siku hizo lilihesabiwa kuwa kubwa sana. Mwaka 1929 mpiga banjo wa Atlanta, Perry Bechtel, aliwaomba gitaa lenye shingo atakayoifikia mbali zaidi, kama alivyozoea kwenye banjo. Walichukua kasha la sifuri tatu, wakalifupisha kwa juu ili freti 14 ziwe nje ya kasha badala ya 12, wakaliita OM. Kwa maoni yangu, hakuna umbo lililoamuliwa vizuri kuliko hilo kwa mtu anayedonoa na kuimba kwa wakati mmoja. Magitaa mengi ya leo yenye kiuno cha kubana na ukubwa wa wastani yanafuata wazo hilo, na gitaa la ukubwa wa kati ambalo kampuni ya Taylor ililitoa mwaka 1994 linatafuta nafasi iliyo kati ya sifuri tatu na dredinoti.

Ukielewa kinachotokea ndani ya kasha, hutadanganywa na mvumo. Ubao wa mbele ndio unaotetemeka na kusukuma hewa. Ubao mpana husukuma hewa nyingi, lakini unataka nguvu nyingi ili uamke, kwa hiyo mkono unaopiga kwa nguvu hupata malipo yake kwenye gitaa kubwa. Mkono mwepesi huishia kupata besi tu, huku nyuzi nyembamba zikibaki nyuma. Ubao mdogo huamka haraka. Ukiugusa kidogo tu, noti imeshatoka kamili. Ila una kikomo. Ukiuchapa sana sauti inabanwa, inakuwa kali bila kuongezeka.

Halafu kuna hewa yenyewe. Hewa iliyo ndani ya kasha hupumua kupitia tundu la sauti kwa mwendo wake maalumu, na kwenye dredinoti nyingi mwendo huo ni karibu mitetemo 100 kwa sekunde, jirani kabisa na noti ya G unayoipata freti ya tatu ya uzi mnene kuliko wote. Jaribu hivi: piga noti za uzi huo moja moja kutoka freti ya kwanza hadi ya sita, kwa nguvu ileile. Noti moja itavimba kuliko jirani zake. Ikivimba kidogo, hiyo ni tabia ya kawaida ya gitaa. Ikivimba mpaka inazifunika nyingine, jua kwamba hapo ndipo gitaa litakapopiga mluzi mzito ukilipeleka mbele ya kipaza sauti, na hapo ndipo litakapogombana na sauti ya mwimbaji wa kiume anayeimba chini.

Kwa upigaji wetu wa vidole jambo hili lina uzito wa pekee. Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930, na ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, mwaka 1952, alidonoa kwa gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika besi, kidole cha shahada kikachora wimbo juu yake, na ukisikiliza unadhani watu wawili wamekaa pamoja. Nairobi iliusikia upigaji wa Katanga kwa karibu pale mpiga gitaa Edouard Masengo alipohamia huko, na magharibi mwa Kenya George Mukabi akawa na udonoaji wake wa omutibo, huku chupa ya soda ikikwaruzwa kando kutunza mwendo. Muziki wa namna hii unataka besi iseme neno lake na kunyamaza mapema. Gitaa ambalo besi yake inaning'inia hewani huziba kile kinachosemwa na kidole cha shahada, na yale mazungumzo ya vidole viwili yanapotea. Mtu anayejifunza nyimbo hizi kwenye jumbo anajitesa bure. Sifuri mbili, sifuri tatu au OM zitamsaidia, na kama anapata lenye shingo inayoungana na kasha kwenye freti ya 12, asiliache kabla ya kulijaribu: daraja linalobeba nyuzi huwa limesogea karibu zaidi na katikati ya tumbo, na sauti hutoka ya joto na mviringo.

Kwa anayecharaza, mambo ni kinyume. Kwaya isiyo na umeme, ibada ya jumuiya kwenye ua wa nyumba, darasa la watoto 60 wanaoimba kwa pamoja: hapo dredinoti haina mpinzani, wala usikubali mtu akuambie imepitwa na wakati. Nyuzi sita zikichapwa kwa piki, ule upana unabeba waimbaji wote, na besi inawapa pa kusimama. Jumbo nayo inafaa kazi hiyo, kwa kuwa kiuno chake kilichobanwa mara nyingi huzuia besi isitawanyike. Ila utahitaji mwili wa kuikumbatia, na nafasi kwenye daladala.

Basi kwa nini wapigaji wengi walioanza na makubwa wanahamia madogo? Sababu ya kwanza ni umeme. Kipaza sauti kikishafanya kazi ya kujaza ukumbi, ukubwa wa kasha unabaki bila kazi uliyolipia. Mwaka 1992 Eric Clapton alirekodi *Unplugged* akitumia Martin ya sifuri tatu ya mwaka 1939, na miaka michache baadaye kampuni ikatoa matoleo ya sifuri tatu yenye jina lake; wengi waliokuwa hawajawahi kuliangalia umbo hilo wakaanza kulitafuta. Ed Sheeran amejaza viwanja vya mpira na gitaa dogo ambalo wengi wetu tungemnunulia mtoto. Sababu ya pili ni mwili. Kasha lenye kina kirefu huinua bega la kulia na kukunja kifundo cha mkono, na bega lililovumilia likiwa na miaka 20 halivumilii likiwa na 50. Sababu ya tatu ni masikio. Mtu akishapiga kwa miaka mingi huanza kutamani kusikia kila noti peke yake, na mvumo uliomvutia mwanzoni unamchosha.

Wapo wanaokwenda njia tofauti, kutoka dogo kwenda kubwa, mara nyingi wakiwa wameacha kudonoa nyumbani wameanza kuongoza waimbaji. Nao wako sahihi. Kazi imebadilika, gitaa libadilike.

Hapa niseme neno zito kuhusu gitaa la nyuzi za nailoni, lile la umbo la Kihispania lenye shingo pana, ambalo Antonio de Torres aliliwekea vipimo katika karne ya 19 na ambalo watoto wengi huanzia kwalo. Tafadhali usilifunge nyuzi za chuma. Seti nyepesi ya kawaida ya chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi. Ya nailoni huvuta karibu kilo 40. Ubao wa gitaa hilo umechongwa mwembamba kwa ajili ya mvuto mdogo. Ukilifunga chuma, tumbo litavimba nyuma ya daraja, nyuzi zitapanda mbali na shingo mpaka vidole viume, na mwishowe daraja litang'oka. Nimeona magitaa mengi yakifa hivyo, na mwanafunzi akaambiwa hana kipaji kwa sababu hawezi kubana nyuzi ambazo hakuna anayeweza kuzibana. Ukitaka sauti ya chuma, nunua gitaa la chuma.

Siku ya kununua, omba kiti kisicho na mikono, chenye urefu kama wa kile unachokalia nyumbani. Kaa, weka kiuno cha gitaa juu ya paja, kisha achia mikono yote miwili. Gitaa likiteleza kwenda mbele au bega likibaki juu, umbo hilo si lako hata kama sauti ni tamu. Anza kupiga kwa upole kabisa, kama unayepigia mtu aliyelala, usikilize ni nyuzi zipi zinazosikika na zipi zimezama. Baada ya hapo ongeza nguvu polepole mpaka sauti ianze kubanwa, ukumbuke umefika wapi. Piga nyimbo zako, zile unazozijua bila kufikiri, na ukae nalo nusu saa kama wakikuruhusu. Angalia pia hali ya nyuzi. Nyuzi mpya hulifanya gitaa baya ling'ae, na zilizopata kutu hulifanya zuri lionekane limekufa. Kama unalinganisha mawili na moja lina nyuzi mpya, bado hujalinganisha maumbo.

Kisha mpe mtu mwingine alipige, nawe usimame mita tatu mbele yake. Gitaa husema kwenda mbele, na anayelipiga ndiye anayelisikia vibaya kuliko wote. Kama huna mtu, rekodi kwa simu. Iweke sentimita 30 kutoka shingo inapoungana na kasha, usiielekeze kwenye tundu, kwa maana hapo utarekodi hewa ya besi tu. Rekodi wimbo mmoja kwenye kila gitaa, uende nyumbani ukasikilize bila kuangalia lipi ni lipi.

Na ikiwa unajua utapiga kwa waya siku zote, kwa kifaa kilichofichwa chini ya mfupa wa daraja, usilipie ukubwa. Kifaa hicho huchukua mtetemo wa nyuzi pale pale daraja lilipo, na tofauti kati ya dredinoti na sifuri tatu hupungua sana ikifika kwenye spika. Chagua linalokaa vizuri mwilini. Kama tayari unalo kubwa na linapiga mluzi jukwaani, tafuta kizibo cha mpira cha tundu la sauti kabla ya kufikiria kuliuza, na umwombe fundi wa mitambo apunguze sauti za karibu na mitetemo 100.