Haki ya Mwenye Kunyonyesha

Amma baad. Jueni, ndugu zangu, ya kwamba wengi wetu hudhani kunyonyesha ni kazi ya mwanamke peke yake. Dhana hii si sahihi. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na papo hapo akamlazimisha baba chakula na nguo za mama kwa kadiri ya uwezo wake.

Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni wajibu wa mama kumpa mtoto maziwa ya kwanza, ndiyo dang'a. Wenye kuyakamua na kuyamwaga kwa kudai ni uchafu humnyima mtoto kinga yake. Baada ya hayo, akipatikana mwengine wa kunyonyesha, mama halazimishwi. Akinyonyesha, ni wema wake. Na aliyeachwa, akimnyonyesha mtoto, baba humpa ujira: Sura ya At-Talaq, aya ya 6.

Ikiwa aliyeachwa ana ujira, yawaje aliye nyumbani alale na njaa, kisha aambiwe maziwa yake ni haba? Na akila mchana wa Ramadhani kwa kumchelea mtoto, asilaumiwe. Sharia imempa ruhusa. Atalipa siku hiyo, na kibaba cha chakula kwa maskini.

Basi arudipo mmoja wetu kutoka barazani, kabla ya kuuliza mbona mtoto analia, na aulize mamake amekula nini.

Wallahu aalam.