Je, Biashara Yako Inafuata Utaratibu Ulioupanga? Stetimenti Itakuambia

Jioni umefunga duka. Mitungi mitatu ya gesi imetoka lakini pesa iliyoingia ni ya miwili. Wazo la kwanza? "Huyu kijana ananiibia." Ngoja kidogo. Kabla hujamkata mshahara, angalia rekodi zinasema nini.

Kila biashara ina utaratibu wake, hata kama haujaandikwa popote. Tuchukulie unauza gesi. Hatua zako ni hizi:

1. Oda inaandikwa kwenye daftari, pamoja na saa.
2. Mteja analipa kwa tili.
3. Mhudumu anathibitisha malipo kwenye simu ya duka, si kwenye simu ya mteja.
4. Mtungi unatoka, na saa inaandikwa.

Hayo ndiyo mambo yanavyotakiwa kwenda. Daftari na stetimenti ya tili zinaonyesha yalivyokwenda kweli. Kazi yako ni kuviweka viwili hivi pamoja, oda moja baada ya nyingine.

Hii si mbinu ya duka tu. Wataalamu wa kompyuta kama Wil van der Aalst wa Uholanzi wametengeneza njia za kuifanya kwa programu. Programu inachukua rekodi za kila kesi, inazipitisha kwenye utaratibu uliopangwa, na kuonyesha pale zilipoachana. Wewe unahitaji kalamu tu.

Hebu tujaribu na oda nne:

Oda A: imeandikwa 9:05, malipo 9:07, mtungi umetoka 9:12. Safi.

Oda B: imeandikwa 10:20, mtungi umetoka 10:24, malipo 10:51. Hatua zimegeuzwa. Pesa iliingia, sawa, lakini kwa dakika 27 mtungi wako ulikuwa nje bila malipo.

Oda C: imeandikwa 1:10, mtungi umetoka 1:15, malipo hakuna. Hatua imerukwa. Hapa muulize mhudumu swali moja: ulithibitisha kwa simu gani? Huenda alionyeshwa meseji feki kwenye simu ya mteja.

Oda D: malipo 2:40, lakini kwenye daftari hakuna kitu. Hapa rekodi ina kitu cha ziada. Labda ni deni la zamani limelipwa, labda mteja amelipa mara mbili na anakudai, au labda mhudumu alisahau kuandika.

Ukimaliza, hesabu. Kama oda 17 kati ya 20 zimefuata utaratibu, uko kwenye asilimia 85. Lakini usiishie kwenye namba hiyo. Oda moja iliyotoka bila malipo ni nzito kuliko tano zilizochelewa kuandikwa.

Sasa sikiza hapa, maana wengi hukosea. Rekodi ikitofautiana na utaratibu, si lazima mtu awe amekosea. Pengine utaratibu wenyewe ndio umepitwa na wakati. Ukiona oda kama B zinajirudia kila siku, na zote ni za wateja wa nyumbani wanaolipa boda akifika mlangoni, basi hiyo ni njia ya pili ya biashara yako. Iandike rasmi, na uweke sharti lake: boda haachi mtungi mpaka duka limpigie kwamba pesa imeingia.

Oda C ni tofauti. Hiyo usiihalalishe. Ziba mwanya.

Na usisahau kwamba rekodi inakuonyesha kilichotokea, haikuambii kwa nini. Hiyo "kwa nini" utaipata kwa kuongea na mhudumu wako, kwa heshima, daftari likiwa mezani.

Leo jioni omba stetimenti ya wiki moja, chukua oda kumi tu, uzipitie. Ukikuta malipo usiyoyaelewa, piga simu kwa huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala. PIN yako usimpe mtu, hata akisema ametoka kwetu.