Taa za Ziada kwenye Trekta: Fyuzi Ndiyo Mlinzi wa Waya

Mvua za kwanza zinaponyesha, kila mkulima hutaka shamba lake lilimwe katika siku zilezile chache. Mwenye trekta la kukodisha hujikuta akilima hadi usiku, na taa za mbele zilizotoka kiwandani hazimwonyeshi jembe lililo nyuma yake. Kwa hiyo huongeza taa za kazi. Shughuli hiyo si ngumu, lakini ikifanywa ovyo, waya mmoja usio na fyuzi waweza kuteketeza chombo kinachoilisha familia nzima na kuwaacha majirani bila wa kuwalimia katikati ya msimu.

Kazi halisi ya fyuzi

Wengi hudhani kwamba fyuzi huwekwa ili taa isiungue. Sivyo. Fyuzi huwekwa ili kulinda waya. Betri ya trekta huwa na volti 12 tu, nazo hazimpigi mtu shoti. Ndiyo maana hudharauliwa. Hata hivyo, betri hiyohiyo ndiyo inayozungusha stata, na yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Waya wa taa ukichubuka na kugusa bodi ya chuma, mkondo huo mkubwa hupita ndani yake. Katika sekunde chache waya huwa mwekundu kwa joto, na ganda lake la plastiki huyeyuka na kushika moto, ilhali kando yake yapo mabomba ya dizeli, grisi na mabua makavu. Fyuzi iliyo sahihi hukatika kabla hayo hayajatokea.

Kutokana na hoja hiyo, mambo mawili ni ya lazima. Kwanza, fyuzi ikae karibu na betri, yapata sentimita 20 au pungufu, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Pili, ukubwa wa fyuzi usizidi kamwe uwezo wa waya.

Hesabu ya kabla ya kununua

Wati za taa zote zikijumlishwa na kugawanywa kwa volti 12, hupatikana ampea. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja hufanya wati 110, yaani ampea 9.2 hivi. Huongezwa robo ya kiasi hicho, ikawa 11.5, kisha huchaguliwa fyuzi inayofuata juu yake, ambayo ni ya ampea 15, yenye rangi ya buluu. Taa nne za aina hiyo huhitaji fyuzi ya ampea 25. Taa mbili za LED za wati 27 kila moja hutumia ampea 4.5 tu, kwazo yatosha fyuzi ya kahawia ya ampea 7.5.

Waya nao hupimwa. Kwa taa mbili za halojeni, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hufaa. Kwa taa nne, milimita 4 za mraba. Ukitumika waya wa milimita 1 ya mraba katika safari ya mita 8, kwenda na kurudi, taa hizo mbili hupoteza zaidi ya volti 1 njiani: mwanga hufifia na waya hupata moto.

Aidha, uwezo wa altaneta uangaliwe. Matrekta ya zamani yenye dinamo ndogo hayawezi kubeba taa nyingi za halojeni. Kwa hayo, LED ndiyo chaguo la busara.

Hatua za kufunga

1. Injini izimwe na ufunguo utolewe. Waya wa betri uliofungwa kwenye bodi, ambao kwa kawaida ni wa upande hasi, ufunguliwe kwanza na urudishwe mwisho. Baadhi ya matrekta ya zamani ya Uingereza yalifungwa chanya kwenye bodi. Hivyo upande utazamwe kabla ya kushika spana.

2. Umeme wa taa upite kwenye rilei ili swichi ndogo isibebe mzigo mzima. Waya kutoka kwenye fyuzi huingia pini namba 30, na wa kwenda kwenye taa hutoka namba 87. Namba 86 hupokea umeme wa swichi, na namba 85 huunganishwa na bodi. Swichi ikichukua umeme wa ufunguo kupitia fyuzi yake ndogo, taa hazitamaliza betri usiku trekta likiwa limeegeshwa.

3. Nyaya zipitishwe mbali na bomba la moshi na sehemu zinazozunguka, ndani ya mpira wa kinga, na zifungwe imara. Kila tundu la bati liwekewe mpira, kwani mtetemo hukata ganda la waya kama msumeno.

4. Mahali pa kuunganisha bodi pakwanguliwe rangi na kutu hadi chuma king'ae.

5. Taa ziwashwe kwa dakika 10, kisha waya, fyuzi na viungo viguswe. Kikipatikana chenye moto, kazi irudiwe.

Fyuzi inapokatika

Fyuzi iliyokatika ni taarifa, si kero. Kuiwekea waya wa shaba, karatasi ya sigara au fyuzi kubwa zaidi ni kumfunga mlinzi kitambaa machoni. Kwanza itafutwe sehemu iliyochubuka, kisha irudishwe fyuzi ya ukubwa uleule.

Moshi ukionekana, taa na injini zizimwe na dereva ashuke. Moto mdogo uzimwe kwa kizimamoto cha unga mkavu au mchanga. Maji hutawanya dizeli inayowaka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Mwisho, trekta linapoingia barabarani, taa za kazi za nyuma zizimwe. Mwanga mweupe kutoka nyuma humpofusha dereva anayefuata na kumfanya adhani kwamba chombo kinamjia.