Jasho lilelile, mbona pensheni si sawa?

Nikifanya kazi kwa bidii, si nitastaafu vizuri?

Si lazima. Mfuko wa pensheni haupimi jasho. Unahesabu miezi uliyochangiwa na mshahara uliokuwa ukipokea. Mama lishe aliyewasha moto saa kumi alfajiri kwa miaka 30, kama hakuchangia wala kuchangiwa, kwenye mfuko hayupo. Karani wa serikali leo hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza asilimia 15 kwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma Tanzania. Maana yake, robo tatu ya mchango haitoki kwenye mshahara wa karani. Tunapomsifu mstaafu kwa kujua kujiwekea akiba, tukumbuke pia nani alimwekea.

Na bahati inaingia wapi?

Kwenye tarehe. Chukua mwalimu mwenye miezi 360 ya uchangiaji na wastani wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kama alikuwa PSPF, mmoja wa mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF, na akastaafu kabla ya Julai 2022, miezi yake iligawanywa kwa 540, akapewa nusu ya pensheni ya mwaka kwa mkupuo, kwa kizidisho cha 15.5. Alipokea shilingi 37,200,000, na 200,000 kila mwezi.

Mwenzake wa mfuko huohuo, mwenye mshahara na miezi ileile, akistaafu baada ya Julai 2024, kigawanyo ni 580, mkupuo ni asilimia 40 na kizidisho ni 12.5. Anapata takriban 22,345,000, na kama 223,000 kwa mwezi. Kwa nyongeza hiyo ya shilingi 23,000 na ushee, atahitaji zaidi ya miaka 50 kuufidia mkupuo uliopungua. Kweli, mfuko unaolipa zaidi ya unachopokea haudumu, na kanuni ilibidi iguswe. Ila hakuna mwalimu aliyechagua mwaka wa kuzaliwa.

Wala wengi hawakuchagua mfuko. Waliokuwa PPF, mfuko mwingine uliounganishwa, zamani mkupuo wao ulikuwa asilimia 25; sasa wanapata 35, si 40. Chanzo ni fomu ya siku ya kwanza kazini.

Nimejiajiri. Nimeachwa?

Mfuko wa NSSF unapokea waliojiajiri, lakini pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180. Anayeanza akiwa na miaka 50 atatimiza 65, tena asiporuka mwezi. Fundi ambaye kazi hukauka wakati wa masika anajua ugumu wake.

Zanzibar ilichukua njia nyingine: tangu Aprili 2016, mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii, awe aliajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini inamfikia hata mkulima wa mwani ambaye hajawahi kuona hati ya mshahara. Bara tungepaswa kuwa nayo.

Mwajiri ananikata, nitajuaje kama anapeleka?

Omba taarifa ya michango kwenye mfuko wako sasa, usingoje barua ya kustaafu. Ilinganishe na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo, peleka hati hizo ofisi ya mfuko iliyo karibu nawe. Kumdai mwajiri ambaye bado yuko ni rahisi kuliko kuitafuta kampuni iliyofungwa miaka 10 iliyopita.